Mmoja Msituni, Mwingine Baharini

Mwaka 2019 nilipatanishwa. Nasema nilipatanishwa, sisemi nilipatana, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo inayonisumbua mpaka leo. Kazi yenyewe ilichukua chini ya saa moja. Tuliitwa kwenye banda la mikutano, mimi na mtu ambaye kijiji chetu chote humwita Baba Mapacha, tukakalishwa benchi moja. Mzee wa kamati akasoma karatasi. Tukaulizwa kama tuko tayari kuacha yaliyopita yapite, tukasema ndiyo. Tukashikana mikono. Kijana wa shirika akapiga picha, kisha akaomba tushikane tena kwa sababu kwenye ile ya kwanza nilikuwa nimefumba macho. Tukapewa sabuni mbili mbili. Nikarudi nyumbani na sabuni zangu, mke wangu akauliza, “Vipi, imekwisha?” Nikamwambia imekwisha. Usiku sikulala.

Simlaumu yule kijana. Alikuwa na ripoti ya kupeleka, na alitutakia mema kweli. Bado namsalimia nikimwona akipita na pikipiki yake. Nauliza swali tu, na nawauliza pia ndugu wa mashirika wanaosoma hapa: je, kuna kipimo cha muda ambacho chini yake amani haiwezi kuwa amani? Kama vile maharage, kwamba hata ukiongeza kuni yana saa zake?

Kabla sijaendelea lazima niseme kati yetu kulikuwa na nini, maana bila hivyo nitakuwa nazunguka kichuguu.

Kwetu ni ukingo wa ziwa, upande wa Fizi. Mwishoni mwa mwaka 1996 vita vilipotufikia nilikuwa na miaka kumi. Baba Mapacha alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu ukielekea majini. Usiku mmoja alipata habari kwamba watu wenye silaha wanakuja. Akawaamsha watoto wake, akawabeba, akawaingiza kwenye mtumbwi, akaondoka. Kwetu hakugonga. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, hakuuona mwezi mwingine. Sisi tuliobaki tulivuka ziwa siku chache baadaye, tukaletwa Nyarugusu, na miezi haikuwa mingi nikamwona Baba Mapacha kwenye foleni ya maji akiwa na ndoo kama sisi.

Hakuua. Hakuiba. Hakumwonyesha mtu mlango wetu. Hakugonga tu. Mahakama gani itamhukumu mtu kwa kutokugonga mlango? Ndiyo maana shauri letu halikuwa na pa kwenda, likakaa miaka zaidi ya 20 kati ya nyumba zetu mbili, mpaka kamati ikaamua kulimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Sasa niwapeleke mbali kidogo.

Novemba 2023 kijana mmoja pale kwenye kuchaji simu alikuwa anasoma habari kwa sauti, tunasikiliza huku tukisubiri betri zijae. Akasoma kwamba huko kisiwa cha Guinea Mpya, upande ulio chini ya Indonesia, amepigwa picha mnyama ambaye wanasayansi hawakuwa wamemthibitisha tangu mwaka 1961. Anaitwa ekidna. Watu walicheka, maana picha ilionyesha kitu kama nungunungu aliyekosewa: miiba mgongoni, mdomo mrefu mwembamba kama mrija, anatembea kama mzee aliyesahau anakokwenda. Mimi nilicheka pia. Halafu kijana akaendelea kusoma, nikaacha kucheka.

Nimemsoma sana mnyama huyu tangu siku ile, kila nikipata simu yenye intaneti, kwa hiyo mnivumilie. Si ndugu wa nungunungu hata kidogo, wala wa kalunguyeye. Ni mamalia anayetaga yai. Duniani wamebaki mamalia wa namna hiyo aina tano tu: ekidna aina nne, na jamaa yao mmoja wa Australia mwenye mdomo kama wa bata. Ukoo wao ulijitenga na ukoo wetu sisi mamalia wengine karibu miaka milioni 200 iliyopita. Jike la ekidna wa Australia hutaga yai moja, analiweka kwenye mfuko wa tumboni, na baada ya siku kumi hivi linatoka kitoto kidogo kama harage. Chuchu hana, maziwa yanachuruzika kwenye ngozi na mtoto analamba. Mtoto anakaa mfukoni mpaka miiba inapoanza kuota, na hapo mama anamtoa. Mama yeyote ataelewa.

Kazi yake ni kuchimba. Huyu wa Guinea Mpya mwenye mdomo mrefu chakula chake hasa ni nyungunyungu (ndiyo, anayefanana na nungunungu anakula nyungunyungu, Kiswahili kina vichekesho vyake). Anautia mdomo ardhini, na kwenye ngozi ya mdomo huo ana vihisio vya kusikia umeme mdogo sana unaotoka kwenye mwili wa kiumbe kilichojificha udongoni. Hamwoni mdudu, anamhisi. Ekidna akitishwa hakimbii wala hapigani. Mwenzake wa Australia anazama chini palepale aliposimama, miguu yote minne ikichimba kwa pamoja, mpaka inabaki miiba tu juu ya ardhi. Huwezi kumng'oa. Nikisoma hapo nilimkumbuka mama yangu na namna alivyokuwa akiulizwa habari za nyumbani.

Wanyama wachimbaji, popote walipo, wanafanya kazi ambayo hakuna anayewatuma. Wanaupindua udongo, majani yanaingia chini, maji ya mvua yanapata njia badala ya kukimbia na kuondoka na rutuba. Kwetu Afrika mkubwa wao ni muhanga. Mashimo yake akiyaacha yanaingiwa na ngiri, nungunungu, chatu, kakakuona, hata fisi. Muhanga anajenga kambi nzima halafu anahama, na hadai kodi.

Lakini kilichonifanya niache kucheka si uchimbaji. Ni hiki.

Yule ekidna aliyepigwa picha anajulikana kutoka mahali pamoja tu duniani, milima ya Cyclops, inayosimama karibu kabisa na bahari ya Pasifiki. Chini yake kuna kijiji kinaitwa Yongsu Sapari. Wazee wa pale waliwaeleza watafiti desturi yao. Watu wawili wakigombana, na ugomvi ukawa mkubwa, upande mmoja unatumwa msituni kumtafuta ekidna, na upande wa pili unatumwa baharini kumtafuta nduaro, yule samaki mkubwa mwenye pua kama mkuki. Wote wawili ni wagumu kupatikana kiasi kwamba utafutaji huweza kuchukua miaka kumi, ishirini, kizazi kizima. Wakipatikana, ndipo ugomvi umekwisha.

Nilirudi nyumbani betri ikiwa nusu. Kizazi kizima! Nikahesabu: 1996 mpaka siku ile, miaka 27. Sisi hapa kambini kizazi tumeshakitumia. Tulichokosa ni wa kututuma.

Katika kikundi chetu cha uandishi nililisoma wazo hili, na dada mmoja ambaye ni mwalimu alinipinga vikali. Alisema: hiyo ni njia ya wazee kuzika kesi. Unamwambia aliyeumizwa aende akatafute kisichopatikana, arudi amechoka, au afe huko, kesi ife naye. Akasema wanawake wa kambi hii wanajua vizuri maana ya kuambiwa subiri. Nendeni mkatafute mnyama, sisi tunaendelea kula. Wengi walimwunga mkono, na nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu.

Bado nusu ya hoja yake naikubali. Kuna makosa ambayo mtu hapaswi kutumwa popote isipokuwa mbele ya hakimu, na leo, si baada ya kizazi. Aliyembaka mtu asitumwe kutafuta samaki. Hapo sina mjadala.

Ila kuna makosa ya aina ya kwetu, ya kutokugonga. Na kwa hayo nimeifikiria desturi ile mara nyingi nikiwa shambani, na naona ndani yake mambo ambayo sabuni mbili hazikuwa nayo. Wazee wa Yongsu Sapari hawakusema haya, ni mimi ninayesema, wanisamehe kama nawasingizia.

Kwanza, wote wawili wanatoka nyumbani. Katika banda la mikutano aliyefanya kazi ni mimi peke yangu. Ni mimi niliyetakiwa kusahau. Baba Mapacha alitakiwa kukaa tu na kupokea. Aliyeumia ndiye alibebeshwa mzigo wa kumaliza. Kule kila mmoja anaondoka na jasho lake, mmoja anapanda mlima, mwingine anakula chumvi ya bahari.

Na hili la pili ndilo linaloniamsha usiku. Nikimpata ekidna wangu leo, bado haijaisha, mpaka mwenzangu naye ampate nduaro wake. Kwa hiyo mimi niliye msituni nalazimika kumwombea adui yangu. Namwombea mtumbwi mzuri. Namwombea bahari itulie, mkono wake usichoke, asizame. Miaka 20 ya kumtakia mema mtu ninayemchukia, kwa faida yangu mwenyewe! Sijui kama chuki inaweza kuvumilia kazi ya namna hiyo. Huenda inachakaa kama kamba ya ndoo, si kwa kukatwa, ila kwa kutumika.

Mwalimu aliniuliza baadaye, tukiwa njiani: na kama mnyama ameisha?

Swali hilo sikulitegemea. Huyu ekidna yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Wanawindwa kwa nyama, mara nyingi kwa kutumia mbwa, na misitu inakatwa kwa mashamba na mbao. Mwaka 1961 mtaalamu wa mimea Mholanzi alimpata mmoja. Kwa miaka mingi mwili ule mmoja uliohifadhiwa makumbusho ndio ulikuwa ushahidi wote. Kama wa mwisho angeliwa mwaka 1990, mtu aliyetumwa msituni angetafuta mpaka leo kitu ambacho hakipo. Ugomvi ungebaki bila mlango wa kutokea. Hapa kambini tunaambiwa kwa vipaza sauti tutunze mazingira, tusikate miti, tusiwauze kakakuona. Ni sawa, na kakakuona sheria zinamlinda. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya aina zake zote nane imepigwa marufuku. Lakini sababu tunazopewa ni mvua, udongo, na jela. Sikuwahi kusikia mtu akisema tumwache mnyama awepo kwa sababu siku moja watu wawili watamhitaji ili waweze kusalimiana. Kwangu mimi sababu hii ina uzito kuliko jela. Na nasema hivi nikijua kabisa kwamba mke wangu anapika kwa kuni, na kuni zinatoka porini, na pori kila mwaka linazidi kusogea mbali.

Turudi kwa ile picha ya 2023. Watafiti walikaa wiki nne. Waliongozana na wenyeji, maana milima ile si ya kujipandia tu. Waliweka kamera zaidi ya 80, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Mmoja alivunjika mkono, mwingine alipata malaria (karibu sana, ndugu), mwingine ruba alimng'ang'ania jichoni siku moja na nusu. Kamera zikawa zinaonyesha wanyama wengine na miti. Siku ya mwisho, kwenye memori kadi ya mwisho, akatokea ekidna anapita.

Nikajiuliza: hiyo ni kupata? Kama mimi ndiye niliyetumwa, nikarudi kijijini na picha, wazee wangekubali? Nina picha moja inayosema nimepatana na Baba Mapacha, iko mahali fulani kwenye ripoti, macho yangu yako wazi. Kwa hiyo picha na mimi hatuaminiani sana.

Lakini kuna kitu kingine kwenye habari ile. Mwaka 2007, miaka 16 kabla ya picha, watafiti wengine walipanda mlima uleule, mnyama hawakumwona, ila walikuta alama: matundu madogo ardhini, pale alipokuwa ameingiza mdomo akitafuta nyungunyungu. Matundu ya pua. Wenye kujua kusoma walijua yupo. Hayupo mbele ya macho, lakini jana usiku alikuwa hapa, na alikuwa anafanya kazi.

Mama yangu alifariki mwaka 2014, msimu wa mvua. Hapa kambini kuchimba kaburi ni kazi ya vijana wa kijiji, wanachimba kwa zamu, na udongo ukiwa umelowa shimo linabomoka, lazima mtu akeshe nalo. Asubuhi nilipofika makaburini nilikuta shimo limekamilika, kuta zimenyooka kama zimepigwa kwa bima, na Baba Mapacha yuko ndani, udongo mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na zaidi ya miaka 60 wakati huo. Vijana waliniambia alifika usiku, akachukua jembe kwa mmoja wao, hakulirudisha. Alitoka shimoni, akapita karibu yangu, hakusema pole wala neno lolote. Nilikasirika. Niliona anajitafutia nafuu kwa bei ya bure. Nilikaa na hasira hiyo miaka tisa, mpaka siku ya kuchaji simu, niliposoma kuhusu matundu ya pua, ndipo nikalikumbuka lile shimo lilivyokuwa limenyooka.

Sijasema kwamba shimo lile linafuta mlango usiogongwa. Halifuti. Nasema lilikuwa alama, na mimi nilikuwa sijui kusoma.

Mwaka jana nilimsimulia habari za Yongsu Sapari. Nilimkuta amekaa nje anapukuchua mahindi, nikakaa naye, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu benchi la 2019. Nilimsimulia yote. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, “Sasa mwanangu, nani angekwenda baharini? Mimi kuogelea sijui, huo mtumbwi wa mwaka ule nilishika kingo tu.” Akatulia kidogo. “Na hapa hata kwenda msituni ni kibali. Tungeandika nini kwenye fomu? Sababu ya safari: ugomvi?”

Tukacheka wote. Niliondoka nikidhani mambo yameishia kwenye utani.

Wiki kama tatu baadaye mjukuu wake alikuja mbio kwangu. “Papa Mkubwa anasema uje, ameona tundu.” Nilimfuata. Nyuma ya pale vijana wanapofyatulia matofali, kwenye kichuguu cha zamani, kulikuwa na shimo pana kiasi cha mtoto kuingia, udongo wake mbichi, mwekundu, umetupwa nyuma kama kwa beleshi. Baba Mapacha alikuwa ameshakaa mbali kidogo, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Aliniwekea ndoo ya pili. Akanionyesha inzi wamejikusanya mdomoni mwa shimo, akasema wazee wake walimfundisha kwamba inzi wakiwa hapo mwenye nyumba yumo ndani. Muhanga. Anatoka usiku. “Si ekidna,” akasema, “lakini anachimba.”

Tulimwomba yule mtoto asiwaambie watu, maana muhanga ni nyama nyingi na watu wana njaa, mgao umepunguzwa, na sina ujasiri wa kumhubiria mwenye njaa. Mtoto alisema hatasema. Tuone.

Tulikaa pale mpaka jua likazama. Sungusungu wanaanza kuzunguka giza likiingia, kwa hiyo tulikuwa na muda mdogo. Hakuna kilichotoka. Mchwa walikuwa wanasikika kwenye majani makavu, au nilidhani nawasikia. Baba Mapacha alikuwa anaangalia shimo, hakuniangalia mimi, akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

“Usiku ule nilifika mpaka kwenye muembe wenu.”

Sikumjibu. Muembe wetu ulikuwa hatua kama kumi kutoka mlangoni. Miaka yote hii nilikuwa namwona anatoka nyumbani kwake anaelekea majini moja kwa moja, bila kugeuka, na sasa ghafla ilinibidi nimsimamishe chini ya muembe, usiku, na watoto wawili mikononi, na mimi ndani nimelala.

Giza likaingia, tukabeba ndoo zetu tukarudi, kila mtu na njia yake. Mnyama hatukumwona. Jumatatu ni siku ya mgao, haiwezekani. Tumepanga kurudi Jumatano.